VIFAA VYA AFYA TUNAVYOVAA: VIKIISHA KAZI VINAKWENDA WAPI?



Karibu kila nyumba ina shimo lake la taka huko nyuma. Humo huingia majivu, maganda ya viazi, mifuko ya plastiki na viatu vilivyochakaa. Likikaribia kujaa tunalichoma moto, na likijaa kabisa tunalifukia na kuchimba jingine. Ndivyo walivyofanya wazazi wetu, nasi tumeendelea.

Siku hizi shimo hilo limepata mgeni. Tusikilize mazungumzo haya, ambayo yanaweza kusikika katika nyumba yoyote ya parokia zetu:

"Bibi, ile saa yako ya kupimia presha haiwaki tena."

"Umeiweka kwenye chaji, mjukuu wangu?"

"Nimeiweka tangu jana, bibi. Haiwaki, na imevimba mgongoni."

"Basi itupe shimoni. Baba yako akija Krismasi ataniletea nyingine."

Hapo hakuna aliyekusudia ubaya. Baba aliinunua saa hiyo mjini kwa upendo, ili mama yake aangaliwe presha. Bibi aliivaa kwa furaha. Mjukuu naye ametii alivyoagizwa. Lakini saa ile si ganda la kiazi, na shimo lile haliwezi kuifanya ipotee. Mwezi huu tutazame vifaa vya umeme tunavyovaa au kutumia nyumbani kwa ajili ya afya: vimetengenezwa kwa kitu gani, vinakuwaje vikitupwa, na familia ifanye nini.

Kabla ya kuendelea, tuseme jambo moja waziwazi. Makala hii haimwambii mgonjwa aache kupima. Mwenye kisukari aendelee kupima sukari yake, mwenye presha apime presha yake, na asiyesikia vizuri avae kifaa chake cha kusikia. Vifaa hivi vinaokoa maisha. Tunachojadili ni safari yake baada ya kumaliza kazi.

VIFAA GANI TUNAVYOZUNGUMZIA?

Zamani vifaa vya kupimia vilikaa hospitali. Mgonjwa alikwenda huko, akapimwa, akarudi nyumbani. Sasa vingi vimehamia nyumbani na mwilini. Baadhi yake ni hivi:

- mashine ndogo za kupima sukari, pamoja na stripu zake na sindano za kutobolea kidole;
- mashine za presha za kufunga mkononi;
- vipimajoto vya betri;
- vibanio vya kidoleni vinavyopima oksijeni, ambavyo watu wengi walivifahamu wakati wa ugonjwa wa UVIKO-19;
- vifaa vya kusikia, ambavyo wengine huviita shimesikio;
- saa za mkononi zinazohesabu mapigo ya moyo;
- sensa za sukari zinazobandikwa mkononi kwa wiki mbili hivi.

Sensa hizo za kubandika bado ni ghali na ni wachache walio nazo kwetu. Hata hivyo zinatufundisha jambo. Sensa moja inayojulikana sana, FreeStyle Libre, ilianza kuuzwa Ulaya mwaka 2014. Ilitengenezwa ivaliwe siku 14, kisha itupwe pamoja na betri yake iliyomo ndani. Mgonjwa mmoja hutumia kama 26 kwa mwaka, na kila moja huja na kipachikio chake cha plastiki chenye sindano, kikubwa kuliko sensa yenyewe.

Tusidhani kwamba vifaa vya kawaida havina hesabu yake. Mtu anayepima sukari mara mbili kwa siku hutupa stripu 730 kwa mwaka, na akibadilisha sindano kila mara, nazo ni 730. Betri ya kifaa cha kusikia ya aina inayotumia hewa hudumu siku chache tu, mara nyingi wiki moja hivi. Mzee mwenye vifaa kwenye masikio yote mawili atatumia betri zipatazo 100 kwa mwaka. Ni vitu vidogo, lakini haba na haba hujaza kibaba.

NDANI YAKE MNA NINI?

Ukivunja saa ya afya (tafadhali usiivunje), utakuta sehemu kuu tatu: gamba la plastiki, betri, na kibao cha saketi, yaani kile kibao chembamba chenye mistari na vidoto vingi vya metali.

Kibao hicho kina shaba, bati, na dhahabu kidogo sana. Vibao vya zamani viliunganishwa kwa risasi, na vingi vina kemikali za kuzuia moto. Watafiti wa vyuo vikuu vya Cornell na Chicago huko Marekani, waliopima mzigo wa vifaa vya afya vinavyovaliwa, wameonyesha kwamba sehemu kubwa ya madhara kwa hali ya hewa hutokana na kibao hicho cha saketi, wala si gamba la plastiki. Sababu ni kwamba kuchimba na kusafisha metali zake hutumia nishati nyingi.

Sisi wa Singida tunaielewa habari hiyo kuliko wengi. Mgodi wa dhahabu wa Sekenke, huko Iramba, ulianza mwaka 1909 wakati wa Wajerumani, na hadi leo wapo ndugu zetu wanaochimba dhahabu katika mkoa huu. Aliyewahi kushika sururu anajua ni mawe mangapi yanapondwa ili kupata chembe moja. Tani moja ya vibao vya saketi huwa na dhahabu nyingi kuliko tani moja ya mwamba wa kawaida wa mgodini. Maana yake ni kwamba tunapofukia vibao hivyo shimoni, tunaizika tena dhahabu iliyotolewa ardhini kwa jasho.

Betri nazo ni za aina mbalimbali. Za kuchajiwa hutumia lithiamu, na mara nyingi kobalti, ambayo sehemu kubwa yake duniani huchimbwa Kongo, pande za Kolwezi na Likasi ambako watu huongea Kiswahili kama sisi. Betri ndogo bapa za mviringo, zenye umbo la kifungo cha shati, nyingine ni za lithiamu, nyingine za fedha, nyingine za zinki. Baadhi ya hizi za kifungo zilitiwa zebaki kidogo ili zisivuje. Nchi zilizo katika Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki zilikubaliana kwamba betri za namna hiyo zisitengenezwe wala kuuzwa nje na ndani baada ya mwaka 2025. Lakini zilizokwisha kununuliwa zamani bado zimo madroo mwetu.

SHIMONI KUNATOKEA NINI?

Watu wengi hudhani moto unamaliza kila kitu. Si kweli. Moto hula karatasi na majani. Metali haziungui zikaisha: sehemu hubaki kwenye majivu, na sehemu hupanda na moshi. Betri ya lithiamu ikipata moto hulipuka na inaweza kumjeruhi anayechochea taka. Plastiki za aina ya PVC, kama zile zinazofunika nyaya, zikichomwa kwenye moto mdogo wa shimoni hutoa sumu iitwayo dioksini.

Sumu hiyo haina harufu ya kututahadharisha. Hukaa kwenye mafuta ya mwili, na Shirika la Afya Duniani linasema huchukua miaka 7 hadi 11 kupungua nusu tu. Ikizidi huweza kudhuru kinga ya mwili, uzazi na ukuaji wa mtoto, na huweza kusababisha saratani.

Ushahidi upo hapa hapa Afrika Mashariki. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa (UNEP) lilitoa taarifa kuhusu dampo la Dandora, Nairobi. Uchunguzi huo ulifanyika kwa kushirikiana na Kanisa Katoliki la Mtakatifu Yohane, Korogocho, ambalo lina watoto wengi wanaoishi na kusoma karibu na dampo. Watoto 328 walipimwa. Karibu nusu yao walikuwa na risasi kwenye damu kwa kiwango cha mikrogramu 10 kwa desilita au zaidi. Leo Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto, kwa sababu risasi hudhuru ubongo unaokua.

Miaka miwili kabla ya hapo, yaani 2005, mashirika ya mazingira yalipima mayai ya kuku waliokuwa wakijitafutia chakula karibu na dampo hilo hilo. Yalikutwa na dioksini kupita kikomo cha Umoja wa Ulaya mara kadhaa. Mwaka 2019 mayai kutoka Agbogbloshie, Ghana, mahali ambapo vijana walichoma nyaya na vifaa vya umeme ili wapate shaba, yalikutwa na dioksini nyingi kupita kiasi.

Ni kweli kwamba shimo la nyumbani si Dandora. Dandora ilipokea taka za kila aina za jiji zima kwa miaka mingi. Lakini moto ni ule ule, na kuku ni yule yule anayeparua majivu. Na sisi Singida tunajulikana nchi nzima kwa kuku wetu wa kienyeji. Kuku hao hawafungiwi. Asubuhi wanafunguliwa, na mahali pa kwanza wanapokwenda ni shimoni. Anachodonoa kuku hufika kwenye yai, na yai tunampa mtoto anayeachishwa ziwa ili apate nguvu.

KWA NINI MKOA WETU UWE MWANGALIFU ZAIDI?

Singida ni nchi kavu. Mvua hunyesha msimu mmoja tu, na baada ya hapo ni jua hadi Novemba au Desemba. Kwa hiyo maji yetu tunayapata chini ya ardhi: visima virefu vya pampu, na vile vifupi tunavyochimba kwa mkono kwenye makorongo. Kisima kifupi hupokea maji yanayopita juu yake. Kikiwa karibu na shimo la taka, kinachoyeyuka shimoni kinaweza kukifikia.

Angalia pia maziwa yetu mawili mjini, Singidani na Kindai. Maji yake ni ya chumvi, kwa sababu hayana mto unaoyatoa kwenda baharini. Maji huingia, jua linayakausha, na kilichoyeyuka ndani yake hubaki. Chumvi imebaki hivyo kwa karne nyingi, na uchafu ukiingia utabaki vivyo hivyo. Hatuna mto mkubwa wa kutubebea takataka, na hata kama tungekuwa nao, tungekuwa tunampelekea jirani.

Betri moja haiharibu kisima cha kijiji. Lakini hesabu nyumba zote za kitongoji, kwa miaka kumi. Duniani kote, mwaka 2022 zilizalishwa taka za umeme tani milioni 62, na ni asilimia 22 hivi tu zilizothibitika kukusanywa na kurejelewa ipasavyo. Kwa vifaa vidogo kiasi hicho kilikuwa asilimia 12 tu. Barani Afrika haifiki asilimia 1. Friji bovu huonekana, na mtu atalinunua kama chuma chakavu. Betri ya shimesikio huanguka ikapotea, hakuna anayeuliza.

HATARI ILIYO KARIBU ZAIDI: MTOTO NA BETRI

Wazazi, hapa naomba msome polepole.

Betri ya kifungo ikimezwa na mtoto mdogo inaweza kunasa kwenye umio. Hapo unyevu huifanya ipitishe umeme, na mahali ilipogusa hutokea kemikali kali inayounguza nyama. Jeraha baya linaweza kutokea ndani ya saa 2 tu. Hata betri iliyokwisha, ambayo haiwashi kitu tena, bado ina nguvu ya kuunguza. Kwa hiyo betri ya mashine ya sukari iliyotupwa uani ni hatari kuliko kisu kilichoachwa mezani, kwa maana kisu mtoto huonywa, lakini betri hung'aa kama pipi.

Dalili zake ni hizi: mtoto anatokwa na mate mengi, anakataa kula, anakohoa, anatapika, analia akimeza, au anashika kifua. Mara nyingine hakuna dalili yoyote mwanzoni.

Ukishuku mtoto amemeza betri, fanya haya:

1. Mpeleke mara moja hospitali yenye mashine ya eksirei. Usingoje kesho, usingoje itoke yenyewe.

2. Usimtapishe. Usimpe chakula wala dawa za kienyeji.

3. Kama mtoto ametimiza mwaka mmoja, anaweza kumeza, na betri imemezwa ndani ya saa 12 zilizopita, mpe asali vijiko 2 vya chai kila baada ya dakika 10 mkiwa njiani, visizidi mara 6. Utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2018 ulionyesha kwamba asali hufunika betri na kupunguza kuungua. Mwenyezi Mungu ameujalia mkoa wetu asali nyingi. Hapa inapata kazi nyingine. Lakini asali haiponyi. Inapunguza madhara tu mpaka daktari aitoe betri. Usichelewe safari kwa sababu ya kutafuta asali.

4. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali kabisa.

5. Mwambie mganga wazi: "Amemeza betri." Kama una betri nyingine ya aina ile ile, ichukue ukamwonyeshe.

ZEBAKI YA ZAMANI

Vipimajoto vya kioo vyenye maji ya rangi ya fedha, na zile mashine ndefu za presha zenye mrija wa kioo, hutumia zebaki. Mkataba wa Minamata ulipitishwa mwaka 2013 na kuanza kufanya kazi mwaka 2017. Uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza na kuuza vifaa hivyo kati ya nchi na nchi. Tanzania iliuridhia mkataba huo mwaka huo wa 2020. Ni jambo jema. Lakini ndiyo sababu vifaa vya betri vimeongezeka, na vya zamani vimebaki makabatini.

Kipimajoto cha kioo kikivunjika nyumbani, watoe watoto, fungua madirisha na milango. Usifagie kwa ufagio, maana utaisambaza zebaki iwe vitone vidogo zaidi. Vua pete, kwa kuwa zebaki hushikamana na dhahabu. Kusanya vitone kwa karatasi ngumu, viweke kwenye chupa yenye maji kidogo, funga kifuniko, kisha peleka kituo cha afya ukaeleze ni nini. Usimwage chooni wala shimoni.

SASA TUFANYE NINI?

1. Tununue kinachohitajika tu. Minadani na mitandaoni zinauzwa saa zinazodaiwa kupima sukari bila kutoboa ngozi. Msidanganyike. Februari 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani (FDA) ilitangaza kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote ya kupima sukari namna hiyo yenyewe. Mgonjwa akiitegemea anaweza kukosea dawa yake. Kifaa cha uongo ni hasara mara tatu: kwa mfuko, kwa afya, na kwa ardhi kinapotupwa.

2. Tuulize kwanza. Kabla ya kununua mashine ya sukari, uliza duka la dawa la hapo mjini kama stripu za aina hiyo hupatikana siku zote. Mashine isiyo na stripu ni taka tangu siku ya kwanza. Na wewe uliye Dar es Salaam au ng'ambo unayetaka kumtumia mama zawadi, piga simu umwulize mganga wake kwanza.

3. Tuchague kinachodumu. Kinachobadilishwa betri ni bora kuliko kinachotupwa kizima. Kwa vifaa vya kusikia, zipo betri za kuchajiwa. Kule Otse, Botswana, mafundi ambao wenyewe ni viziwi wametengeneza chaja za jua za betri za shimesikio, kazi inayojulikana kwa jina la Solar Ear. Betri moja ya kuchajiwa inaweza kudumu miaka miwili hadi mitatu badala ya wiki. Na kama kuna kitu Singida hatukipungukiwi, ni jua.

4. Tutenganishe. Tafuta kopo la plastiki gumu lenye kifuniko cha kuzungusha. Weka humo betri zote zilizokwisha. Kabla ya kuitia betri ya kifungo au ya lithiamu, ibandike selotepu pande zote mbili ili zisigusane zikawaka. Liweke mahali pakavu, pasipo jua, juu kabisa ambapo mtoto hafiki.

5. Sindano zisichanganywe na betri. Sindano za kutobolea kidole na stripu zenye damu ziwekwe kwenye chupa nyingine ngumu, iandikwe "SINDANO", na ikijaa ipelekwe zahanati ikateketezwe na taka za hospitali. Lakini betri zisiingie kwenye kichomea taka cha zahanati. Hulipuka, na metali zake hutoka na moshi juu ya wagonjwa wale wale.

6. Betri iliyovimba isichajiwe tena wala isitobolewe. Iweke nje ya nyumba, ndani ya kopo la bati lenye mchanga mkavu, mbali na watoto, mpaka ikabidhiwe.

7. Tuzungushie uzio mashimo ya taka ili kuku na watoto wasiingie, na tuchimbe mbali na kisima, upande wa bondeni.

NI NANI ATAZIPOKEA?

Hapa ndipo wengi hukata tamaa: "Nimekusanya, sasa nizipeleke wapi?"

Sheria ipo. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, zilitolewa mwaka 2021 Kanuni za usimamizi wa taka za vifaa vya umeme na elektroniki. Kwa kanuni hizo, taka hizi hazipaswi kutupwa ovyo pamoja na taka nyingine, na anayezikusanya au kuzisafirisha lazima awe na kibali. Msimamizi ni Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC). Kila halmashauri nayo ina watumishi wa afya na mazingira. Tatizo ni umbali. Mkusanyaji mwenye kibali hawezi kusafiri hadi kijijini kwa ajili ya betri sita za nyumba moja.

Lakini betri za nyumba kumi na tano ni habari nyingine, na za parokia nzima ni mzigo unaostahili safari. Sisi tuna kitu ambacho taasisi nyingi hazina: jumuiya ndogo ndogo, ambazo hukutana kila wiki na kujuana kwa majina. Jumuiya ikiamua, kila nyumba inaweza kuleta kopo lake mara moja kwa miezi mitatu. Kamati ya afya ya parokia iandike barua kwa afisa mazingira wa halmashauri, imwulize mkusanyaji mwenye kibali ni nani, wapi pa kuzihifadhi kwa usalama, na lini zichukuliwe. Barua hiyo itangulie kabla ya kuanza kukusanya, ili tusije tukalundika hatari mahali pamoja.

Vilevile, duka la dawa au kliniki iliyokuuzia kifaa iulize: "Kikifa, mtakipokea?" Huenda jibu la kwanza likawa hapana. Lakini wateja ishirini wakiuliza swali lile lile, muuzaji ataanza kumwuliza aliyemletea.

Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua yake Laudato Si' ya mwaka 2015, alitaja taka za hospitali na za vifaa vya umeme miongoni mwa zile zinazochafua nyumba yetu ya pamoja, akakemea desturi ya kutumia na kutupa. Nyumba hiyo ya pamoja kwetu ina majina: ni kisima cha kijiji, ni ziwa Kindai, ni uwanja ambamo kuku na watoto wanacheza pamoja.

Turudi kwa bibi na mjukuu wake. Safari hii mazungumzo yaweze kuwa hivi:

"Bibi, saa imevimba. Niitupe shimoni?"

"Hapana, mjukuu wangu. Itie kwenye kopo la mchanga kule nje. Jumamosi nitaipeleka jumuiya. Na mwambie baba yako asininunulie nyingine mpaka nimwulize mganga."

"Na presha yako, bibi?"

"Nitakwenda kupimwa zahanati, kama zamani. Nawe utanisindikiza."

Kinga ni bora kuliko tiba, na kwa mambo ya ardhi na maji, mara nyingi tiba haipo kabisa. Tukutane tena mwezi ujao katika ukurasa huu. Mungu awabariki na kuwalinda ninyi na nyumba zenu.